Mzunguko Mmoja, Mara Mbili: Mbio za Lewa Zinavyopangwa

Mkimbiaji wa marathoni kamili pale Lewa, kaunti ya Meru, hupita njia ileile mara mbili. Akimaliza kilomita 21 huwaacha wenzake wa nusu marathoni wakivishwa medali, naye anageuka kurudi nyikani jua likiwa limeshapanda. Kwa miguu yake ni adhabu. Kwa jicho la mwandalizi, ndio uamuzi bora kuliko yote yanayofanyika siku hiyo, na sisi wa Muhuru Bay, ambao mbuga iliyo jirani yetu ni Ruma, tuna sababu ya kuutazama kwa makini.

Mbio hizo za hisani zilianza mwaka 2000, zikiandaliwa na hifadhi ya Lewa pamoja na Tusk, shirika la Uingereza. Wakimbiaji wa mwaka huo hawakufika mia mbili. Siku hizi huja zaidi ya elfu moja. Hifadhi ina ekari zipatazo 62,000, na humo mna vifaru, ndovu, nyati na simba. Hakuna uzio kati ya wanyama hao na wakimbiaji. Ulinzi wote ni macho na mwendo: ndege ndogo hupaa asubuhi na mapema kukagua njia, helikopta huwasogeza ndovu na nyati waliokaribia, na askari wa wanyamapori wenye bunduki, zaidi ya mia moja, hupangwa kandokando.

Hapo ndipo mzunguko mfupi unapolipa. Wagawe askari 100 kwa kilomita 21, kila mmoja ana mita 210 za kulinda. Wagawe kwa kilomita 42, eneo lake linakuwa mita 420, na kwenye kichaka kinene nyati anaweza kujificha katikati bila mtu kumwona. Kituo cha maji kilekile kinahudumia mara mbili, vivyo hivyo hema la matabibu. Hata ndege inazunguka juu ya eneo dogo, kwa hiyo inarudi mahali palepale upesi. Gharama inashuka na usalama unapanda kwa uamuzi mmoja wa kuchora njia. Jambo kama hilo ni nadra katika kazi yoyote ya kupanga.

Fedha nazo zimechorwa kwa akili. Mwananchi hulipa ada yake, mgeni kutoka ng'ambo hutakiwa pia kuchangisha kwa marafiki zake, na kampuni huleta timu nzima kwa kiwango cha juu zaidi. Makusanyo hayaishii kwa vifaru. Yanafika shule, zahanati na miradi ya maji ya majirani, na hifadhi nyingine nje ya Lewa. Mfugaji wa jirani anakuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka mbio zifanyike mwakani.

Ruma, katika bonde la Lambwe kaunti ya Homa Bay, ni ndogo zaidi: kilomita 120 za mraba. Ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, na waliobaki ni wachache mno. Tukitaka mbio kama hizo huko, kwa ukubwa huo mzunguko wa kilomita 10 unatosha, ukimbiwe mara moja, mbili au nne. Njia ipite mbali na korongo. Kelele za helikopta zinazovumiliwa na ndovu si za kuwaletea swala waliobaki wachache namna hiyo, hivyo ukaguzi ufanywe kwa magari na watu walio juu ya vilima.

Yapo mawili ambayo Lewa haiwezi kutufundisha. La kwanza ni mbung'o. Lambwe ilijulikana kwa malale kwa miaka mingi, na ingawa mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma, mdudu mwenyewe bado yupo na anauma vibaya. Mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu rangi hizo humvuta. Fulana za mbio basi zisiwe za buluu wala nyeusi, hata kama ndizo rangi za mfadhili.

La pili ni umiliki, nalo lina uzito kuliko mbung'o. Lewa hujiendesha yenyewe, kwa hiyo hela ikiingia leo inaweza kupelekwa kwenye kazi upesi. Ruma ni mbuga ya taifa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS), na mchango wa mkimbiaji ukichanganyika na mapato ya lango hautajulikana tena ulipokwenda. Shirika la hisani la Rhino Ark lilishalitatua hili kwa milima ya Aberdare: hazina ya pembeni, kazi pamoja na KWS, lengo moja linaloonekana. Fedha za mashindano ya magari ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, zilisaidia kujenga uzio wa kilomita 400 hivi uliokamilika mwaka 2009. Kwa Ruma lengo hilo lingekuwa kuwalipa vijana wa vijiji vinavyopakana na mbuga wapite majanini kila wiki kung'oa mitego ya nyaya, na kila mkimbiaji aelezwe, kabla ya kulipa, kwamba ada yake itagharimia siku ngapi za kazi hiyo.