Zawadi ya safari nayo ina maneno, tuisome

Leo nahakiki kitu ambacho hakina kurasa: zawadi ya safari.

Mtu akivuka ziwa toka Baraka mpaka Kigoma, au akipanda gari mpaka Bujumbura, akirudi Swima ni lazima valizi ifunguliwe mbele ya watu. Kunatoka nini? Kishikio cha funguo cha plastiki, kikombe chenye picha ya twiga, Mmasai wa mbao ameshika mkuki. Twiga, jamani! Kigoma tunayoijua sisi ni ya mawese, dagaa na mitumbwi. Na kitu kilekile utakikuta Nairobi, Arusha na Zanzibar, kimebadilishwa jina la mji tu. Hicho si kumbukumbu ya mahali, ni risiti ya kwamba ulifika.

Mimi naona zawadi ni maandishi. Basi tuiulize kama tunavyouliza kitabu: nani anasema, anasema na nani, anasema nini?

Chukueni kanga. Inauzwa doti, vipande viwili. Ina pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani yale maneno ya chini. Mwanzoni maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Mwanamke wa pwani hanunui kanga bila kusoma jina, kwa sababu anajua nani atalisoma mgongoni mwake: mume, jirani, wifi. Ukimletea mama kanga, umemletea sentensi. Sasa ole wako ukichagua kwa rangi peke yake, halafu maneno yawe ya kumgomba mke mwenza!

Mtu ataniambia: "Lakini kanga nyingi zinachapwa India." Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Hata kitenge tunachokiita wax, ambacho bila hicho harusi kwetu haieleweki, asili yake ni Waholanzi walioiga batiki ya Java. Kampuni ya Vlisco ilianza Helmond mwaka 1846 na bado iko hukohuko. Ila majina ya vitambaa vile yalitolewa na wanawake wauzaji wa Afrika ya Magharibi, kama wale Nana Benz wa Lomé. Kiwanda kilikuwa cha wengine, maana ikawa ya kwao. Kwa hiyo swali langu si "kimetengenezwa wapi?" peke yake. Nauliza pia: wenyewe wanakitumia? Wanakigombania sokoni? Kishikio cha twiga kinashindwa hapo.

Tusiwe wagumu kupita kiasi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya ubao, na wageni walikuwa wateja wake wakubwa. Alifariki mwaka 1972, lakini alichoacha ni sanaa kweli. Kuuzia mgeni si dhambi. Ubaya unaanza pale mkono unaporudia picha moja mara mia kwa sababu mgeni hataki kingine, na jina la mchoraji linapotea. Ukinunua, uliza jina la aliyefanya. Muuzaji akikosa jibu, bei ishuke au uende.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo panauma. Mgeni akifika Swima leo, atabeba nini? Ndagala kavu, mawese, mukeka, kikapu. Vyote vinapita mtihani wangu, kwa sababu sisi wenyewe tunavitumia kila siku. Lakini msomi wetu akienda Bukavu anaona haya kubeba ndagala, eti zitanuka ndani ya valizi. Anampelekea mwenyeji wake kikombe cha dukani. Yule mama aliyesuka mukeka amekosa franga, na sisi tumekosa neno la kujitambulisha.

Tukumbuke pia kwamba kuna vitu vyetu vilivyoondoka bila kuwa zawadi. Mwaka 1981 makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ilichapa kitabu cha Daniel Biebuyck juu ya sanamu za wahenga za upande huu wetu, kwa Wabembe na majirani zao. Zile hazikuchongwa ziuzwe. Zilikuwa za ukoo. Leo mtoto wa Fizi akitaka kuziona, atafute visa. Basi mtu akikuletea kitu cha wazee njiani kwa bei ndogo, usikiite zawadi. Kuna ukoo unakililia.

Safari ijayo leta kidogo, lakini kiwe na maneno. Na ukiondoka, usiende mikono mitupu: funga ndagala vizuri, harufu yake ndiyo anwani yetu.

Wewe ungemfungia mgeni nini toka Swima? Tuambiane.