Mguu Wenye Bandeji

Nianze kwa kuungama, ndugu msomaji: Judge Judy nilikuwa simkosi. Yule mama kwa maneno makali, we acha tu! Mlalamikaji anaonyesha picha ya mguu ulioumwa na mbwa, mwenye mbwa anajikanyaga kwa uongo, dakika chache kesi imekwisha. Nikadhani haki ndiyo hiyo, tena ya chapuchapu.

Sasa nakitazama kwa jicho la mwandishi, na nina ugomvi na kipindi hicho kilichorushwa Marekani tangu 1996 hadi 2021. Kwanza, ile haikuwa mahakama. Ulikuwa usuluhishi: pande mbili zilitia saini kwamba zitakubali uamuzi wa Judith Sheindlin, aliyewahi kuwa hakimu wa kweli katika mahakama ya familia, New York. Pili, fidia, ambayo haikuzidi dola 5,000, ililipwa na watengenezaji wa kipindi. Mwenye mbwa hatoi hata senti! Anasutwa, basi, anajiendea zake.

Hapo ndipo hadithi inapovunjika. Kosa katika hadithi lazima limgharimu mtu. Hapa gharama ni aibu tu, nayo inauzwa pamoja na matangazo ya biashara.

Na kesi halisi za majeraha kulekule Marekani? Nyingi hazimfikii hakimu kabisa. Wakili huichukua kesi bila malipo ya awali. Wakifanikiwa hukata fungu lake, mara nyingi theluthi moja. Kisha ni barua na simu na kampuni ya bima, bili za hospitali, miezi inayoyoma. Mwisho majeruhi anatia saini kwamba hatadai tena. Makofi hakuna. Mara nyingi hata neno "nimekosa" halitamkwi.

Mtaniuliza, jamani, nani atakaa kutazama mtu anayesubiri barua? Mimi nasema tamthilia iko hapohapo. Mtu ana maumivu, kodi ya nyumba imefika, mbele yake kuna hundi ndogo ya leo na tumaini la kubwa ya mwakani. Achukue ipi?

Televisheni haina subira na swali hilo. Sisi wenye kalamu tunayo. Tusiige ukali wa hakimu, wenzangu. Tumfuate yule mwenye bandeji mpaka kwake, tuone anavyopanda ngazi.