Habari Mkononi mwa Mchoraji

Katika zama za misafara, habari iliyotoka pwani kuja Tabora ilikuja kwa miguu ya watu. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekwenda kumtafuta Dakta Livingstone, na ambaye mwendo wake ulihesabiwa kuwa wa haraka, aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akawasili Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora, mwezi wa Juni, baada ya siku 84. Na mfuko wa barua za Dakta Livingstone, ulioandikwa juu yake tarehe ya Novemba 1870, ulimfikia mwenyewe Ujiji baada ya mwaka kupita, hata ikambidi mzee yule aketi barazani asimuliwe na Stanley kwamba mfereji wa Suez umefunguliwa na kwamba Waprusi wameuzingira mji wa Paris. Habari ya namna hiyo ilikuwa na jasho la aliyeichukua, na aliyeipokea alikuwa na wasaa wa kuuliza maswali.

Siku hizi habari humfikia kijana wa Tabora kabla hajamaliza chai yake, na humtoka kwa wepesi uleule. Ndiyo maana naisifu kwa dhati kazi ya wanafunzi wa sanaa ambao mwalimu wao huwaketisha mbele ya karatasi ya manila, akawasomea habari moja ya gazeti, kisha akawaambia waichore. Kwani kalamu ya risasi haiendi mbio. Gazeti laweza kusema kwamba bei ya tumbaku imeanguka, na msomaji akapita. Lakini mchoraji atakaye kuitia habari hiyo katika taswira hana budi kujua mkulima wa tumbaku wa Urambo alisimama wapi uzito ulipotajwa, mikono yake aliiweka wapi, marobota yalifungwa vipi, na nani alikuwa akimtazama. Akiikosa elimu hiyo mkono wake husita, na kusita huko ndiko kumrudishako kwa mkulima kuuliza. Sijui ustadi mwingine umwonyeshao kijana upungufu wa maarifa yake mapema kiasi hicho, bila ya kumdhalilisha.

Tena liko jambo la haki. Mkutano wa Stanley na Livingstone ulipotangazwa mwaka 1872, picha zilizoenea Ulaya na Marekani zilichorwa huko huko, na watu ambao hawakupata kuikanyaga Ujiji. Na wapagazi, ambao mabegani mwao ndimo ilimopita safari nzima, wakabakia umati wa nyuma. Kwa hiyo namtukuza Elimo Njau, mwana wa Marangu, aliyesomea uchoraji Makerere, katika chuo cha sanaa alichokianzisha Bibi Margaret Trowell. Mwaka 1959, akiwa kijana bado na ilhali Hali ya Hatari ya Kenya haijaondolewa, alichora maisha ya Kristo katika kuta za kanisa la Murang'a lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, na Kristo wake alikuwa mtu mweusi, katika nchi ya Wakikuyu waijuayo wenyewe. Msiba ungali mbichi, naye aliujibu kwa nyuso za watu wa mahali pale pale.

Iliyo ngumu kupita zote ni habari isiyokuwa na tukio la kutazamwa. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa Tabora wakabishana kama chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwalimu Nyerere akawashawishi wakubali, na neno hilo likaitwa uamuzi wa busara. Nilipata kumtazama mwanafunzi akihangaika nalo. Kwanza alichora jukwaa na mikono iliyoinuliwa, akaiweka picha hiyo kando mwenyewe, kwa kuwa mikutano yote hufanana. Kisha akachora karatasi ya kura mezani, nafasi tatu za kutia alama, na mkono wa mwanamume umeikamata kalamu pasipo kuishusha. Mashaka ya siku zile, ambayo vitabu huyataja kwa sentensi moja, yalikuwamo yote katika kifundo cha mkono ule.

Wapo wanaoziona kazi hizi kuwa mchezo wa darasani, wakidai kwamba mambo ya dunia yana wenyewe. Siafikiani nao, wala sioni kwa nini zifungiwe kabatini mtihani ukiisha. Ningependa zitundikwe katika stesheni ya reli, panapoachana njia ya Kigoma na ya Mwanza, ambapo wasafiri hukaa saa nyingi wakingoja. Na chini ya kila picha iandikwe tarehe ya habari na jina la aliyeichora, ili mkulima wa Urambo, akiona kwamba amechorwa sivyo, ajue wa kumwendea.