Feni Isiyosikika

Kompyuta iliyopangwa vizuri hutajua kuwa inafanya kazi mpaka uguse kasha lake. Utulivu huo ni kazi ya fundi aliyekaa chini akaisoma mashine, na kazi hiyo naiheshimu sana.

Mwenye haraka hupunguza kasi ya feni, akafurahia ukimya, akaenda zake. Fundi huuliza kwanza feni itasimama wapi. Kwenye Linux, programu ya pwmconfig huishusha nguvu hatua kwa hatua katika kipimo cha 0 hadi 255, huku waya wa tatu wa feni ukileta hesabu ya mizunguko, inayopungua na kupungua hadi sifuri. Hapo hujitokeza jambo la ajabu kidogo: nguvu inayotosha kuiendesha feni ambayo tayari inazunguka haitoshi kuiamsha iliyosimama. Ndiyo maana fundi huandika namba mbili, MINSTOP ya kuiendesha na MINSTART ya kuiamsha, na ya pili huwa kubwa. Asiyezitenganisha huachiwa feni iliyokwama huku chuma kikichemka.

Joto nalo lina mahali pake. Vichakataji vingi hujipunguzia kasi vinapokaribia nyuzi 100, lakini fundi makini hataki kufika huko. Feni yake huwa imeshashika kasi kamili kwenye 75 au 80. Na chumba cha Dar es Salaam kikiwa na nyuzi 32, hakuna feni itakayoshusha joto la kichakataji chini ya hapo. Mpangilio wa mtu wa Oslo, kwenye baridi, usiunakili.

Ila ninachokisifu kuliko vyote ni kujiandaa kwa siku ambayo programu inayoongoza feni itakufa. Fancontrol, programu ya aina hiyo kwenye Linux, ikizimwa, hujaribu kuirudisha feni kwenye udhibiti wa awali. Ikishindwa, huiachia kasi yote. Kwenye kompyuta za ThinkPad, kiendeshi cha thinkpad_acpi kinaweza kuwekewa mlinzi wa muda, hadi sekunde 120: amri zisipofika, feni huwashwa bila kumngoja mtu. Aliyebuni hayo aliwaza zaidi usalama wa mashine kuliko uhodari wa programu yake.

Basi ukibadilisha mpangilio wa feni yako, usiiache mashine peke yake usiku ule wa kwanza. Ipe kazi nzito, kaa nayo, utazame nyuzi zikipanda mpaka zitulie.