Toni ya Kihehe na Nyuzi za Ligombo
Ni rahisi kusikia katika ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe ambayo Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1950, upepo wa milima ya Udzungwa unaovuma Kilolo. Usikilizaji huo, hata hivyo, unaipuuza lugha. Kihehe ni lugha ya toni: kidatu cha silabi huweza kubeba maana, hivyo mtunzi hana uhuru kamili wa kupandisha na kushusha lahani. Maumbile yanayomwongoza kwanza ni ya sauti yake mwenyewe. Mti na nyuzi huitikia. Wimbo huo ukitafsiriwa kwa Kiswahili, chenye mkazo badala ya toni, maana ya maneno huweza kusalimika, lakini msingi wa lahani hupotea. Mhakiki anayetegemea tafsiri pekee huhakiki nusu ya utungo.