Waimbaji wa Meli ya Marseille

Mwimbaji wa opera aliyepanda meli Marseille kwenda Indochina, koloni la Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19 alisafiri na kazi yake yote kichwani. Kupitia mfereji wa Suez, Colombo na Singapore, safari ya kufika Saigon ilichukua takribani mwezi mzima. Huko hakukuwa na mbadala wa karibu: mmoja akipotewa na sauti, wenzake waligawana nafasi yake, au mchezo ulibadilishwa.

Ugumu mkubwa zaidi ulitokana na uchache wa watazamaji. Wafaransa wa Saigon na Haiphong walikuwa jamii ndogo, na nyuso zilezile zilirudi ukumbini wiki baada ya wiki. Paris, opera iliyopendwa iliweza kurudiwa kwa miezi. Bandarini ilichezwa mara chache ikapisha nyingine. Kundi lilihitaji kuwa na Faust, Carmen, Mireille na operetta kadhaa tayari kwa wakati mmoja, huku unyevu ukivuruga sauti ya nyuzi za fidla na kuvundisha maleba. Kuimba vizuri katika hali hiyo ni ufundi wa daraja la juu, ingawa historia ya opera huwataja zaidi nyota wa miji mikuu.

Alexandra David-Néel, aliyefika Lhasa mwaka 1924 na kujulikana duniani kama msafiri, aliwahi kuwa mmoja wa waimbaji hao wa Indochina. Kuanzia 1895, kwa jina la jukwaani la Alexandra Myrial, alikuwa mwimbaji mkuu wa kike katika kundi lililocheza Hanoi na Haiphong. La Traviata na Lakmé zilikuwa miongoni mwa kazi zake.

Saigon ilipata jumba lake kubwa la opera la manispaa mwaka 1900, lenye viti vipatavyo 800. Lilijengwa kwa ajili ya Wafaransa, katika nchi ambayo wenyeji wake walibanwa na kodi za kikoloni. Sifa ya waimbaji haiondoi dhuluma hiyo.

Hata hivyo jukwaa halikubaki la Wafaransa peke yao. Mwaka 1920, katika jumba la opera la Hanoi, tamthilia ya mwandishi Mfaransa Molière ilichezwa kwa Kivietnamu katika tafsiri ya Nguyễn Văn Vĩnh. Mwaka uliofuata ikachezwa Chén thuốc độc ya Vũ Đình Long, tamthilia ya mazungumzo iliyotungwa na Mvietnamu kuhusu familia ya Kivietnamu.