Msimbo Huria, Istilahi Zilizofungwa: Uhakiki wa Mifumo Endeshi ya Kompyuta za Mkononi za Awali kwa Mtazamo wa Bujumbura

Mjadala wa programu huria Afrika Mashariki umezoea kupima uhuru kwa leseni. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakitoshi. Mfano wake ni Familiar, mfumo endeshi wa jamii ya Linux ulioandaliwa kwa kompyuta za mkononi za iPAQ, ambazo Compaq ilianza kuziuza mwaka 2000. Kisheria, mtumiaji aliruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Aidha, violesura vyake, GPE na OPIE, vilitenga maneno ya skrini na msimbo, hivyo mfasiri hakulazimika kuwa mtunzi wa programu.

Hata hivyo, ruhusa si uwezo. Skrini ya iPAQ ilikuwa na upana wa nukta 240 tu. Istilahi ya maelezo marefu isingeenea kwenye kitufe. Kiswahili kingelimudu sharti hilo, kwani “hifadhi”, “futa” na “hariri” ni vitenzi vifupi vinavyojitosheleza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliweka msingi muhimu wa istilahi, lakini ulilenga programu za ofisi za kompyuta ya mezani, si kifaa cha mkononi.

Udhaifu wa pili unaonekana zaidi Bujumbura. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, msingi huo ukiwa umekwisha kuwekwa. Neno “faili” humwelea upesi aliyesoma kwa Kiingereza. Mkazi wa Buyenzi aliyesomeshwa kwa Kifaransa amezoea “fichier”. Kinyume chake, “pakua” halihitaji mkalimani: katika bandari ya Bujumbura, shehena hupakiwa na kupakuliwa. Istilahi iliyochimbuliwa ndani ya lugha huvuka mpaka ambao neno la mkopo hukwama.

Zama za iPAQ zimepita, lakini maneno hayalazimiki kufa na kifaa. Inapendekezwa kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki itunze faharasa moja chini ya leseni huria, ipitiwe na wasemaji wa Bujumbura sawa na wa Dar es Salaam, na serikali ziitaje katika masharti ya ununuzi wa vifaa vya shule na ofisi. Bila hivyo, haki ya kurekebisha itabaki kwenye karatasi ya leseni.